Udahili Machi, Mtihani Mei, Matokeo Julai

Aliyesoma Tanzania akija kulea watoto Marekani, kalenda ya mitihani ni kati ya mambo ya kwanza kumchanganya. Kwetu mtoto wa kidato cha sita anafanya mtihani Mei, matokeo yanatoka Julai, familia nzima inainamia simu kutafuta namba yake kwenye tovuti ya NECTA, ndipo dirisha la udahili linafunguliwa na hesabu za vyuo zinaanza. Bila matokeo huna cha kuombea.

Hapa Ohio, mtoto wa darasa la 12 anatuma maombi ya chuo kati ya Novemba na Januari. Vyuo vinavyochuja sana vinajibu kufikia mwisho wa Machi. Ikifika Mei mosi anatakiwa awe ameshalipa fedha ya kushikia nafasi kwenye chuo alichokichagua. Halafu sasa, nafasi ikiwa tayari mkononi, ndiyo anaingia kwenye chumba cha mtihani kufanya pepa za AP (Advanced Placement, nitaieleza hapo chini), wiki mbili za mwanzo wa Mei, na matokeo yanatoka Julai kama ya kwetu. Kwa hiyo zile alama alizozitolea jasho mwaka wa mwisho hazikumsaidia kuingia chuoni. Waliokaa kumjadili hawakuziona. Walichoona ni alama za darasa la 11, na la 10 kama alianza mapema.

Jambo hilo nimewaeleza wazazi wenzangu mpaka wengine wameanza kunitania. Baada ya ibada, kwenye sherehe za ubatizo, kwenye simu usiku mtu akitoka zamu ya wodini. Wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki tunaichukulia AP kama kidato cha sita cha Kimarekani: ukifaulu unapita, ukifeli umebaki. Nimeshapitisha binti, kijana wa kiume na mpwa, na wa mwisho yuko darasa la 10. Mpaka sasa ninachokiamini ni kwamba alama ya AP ina uzito mdogo langoni kuliko tunavyodhani, na uzito mkubwa kwenye dirisha la ada kuliko tunavyojua. Tena vyuo vinavyoijali zaidi langoni mara nyingi ndivyo visivyoilipa chochote dirishani.

Kwanza niiweke wazi AP yenyewe. Ni masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo yanayofundishwa sekondari. Msimamizi wake ni College Board, taasisi ileile yenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo, tangu katikati ya miaka ya 1950. Leo yako masomo kama 40, kuanzia kalkulasi na kemia hadi historia ya sanaa. Mwanafunzi anakaa darasani mwaka mzima, mwalimu wake anampa gredi inayoingia kwenye transkripti, ile karatasi rasmi ya gredi zake, na kwenye GPA, yaani wastani wa gredi hizo. Kisha Mei anafanya mtihani wa nchi nzima unaosahihishwa na watu wasiomjua, anapewa alama kuanzia 1 hadi 5. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Unaweza ukapata A darasani na 2 kwenye mtihani. Unaweza hata kuchukua somo na mtihani usiufanye, kwa kuwa shule nyingi hazilazimishi.

Tano ndiyo ya juu. Nalitaja hilo kwa sababu liliwahi kutuletea kichekesho. Mtoto wa rafiki yetu alipata 1 kwenye Fizikia, bibi yake akapigiwa simu Moshi. "Amepata wani?" Bibi akapiga vigelegele, akawaita na majirani, maana kwake wani ni divisheni wani. Mama wa mtoto hakuwa na moyo wa kumsahihisha, na nijuavyo hajamsahihisha hadi leo.

Binti yangu mkubwa alichukua masomo matatu ya AP akiwa darasa la 11: Historia ya Marekani, Lugha ya Kiingereza na Baiolojia. Julai matokeo yakaja: 4, 3 na 4. Mama yake akauliza kama hiyo tatu ni kufeli. Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza kuzunguka kwenye mikutano ambayo vyuo huwaalika wazazi, na kila afisa udahili niliyemkuta nilimuuliza: tatu kwenu ni nini?

Hakuna aliyeanza kunijibu kwa kuzungumzia alama. Wote walianza na transkripti. Wanatazama kwanza mtoto amechukua masomo gani kati ya yale yaliyokuwepo shuleni kwake. Kila shule, ikituma transkripti, huambatanisha waraka unaoieleza shule yenyewe: ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo mangapi ya AP, inapangaje gredi. Mtoto aliyetoka shule yenye AP nne akachukua tatu hashindanishwi na yule wa kitongoji cha matajiri mwenye AP ishirini na kitu za kuchagua. Kila mmoja anapimwa na alichowekewa mezani. Bibi mmoja wa udahili, mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliniambia kwamba waraka huo huusoma kabla hajafungua insha ya mtoto, la sivyo hajui anachokisoma.

Baada ya masomo wanatazama gredi. Baada ya gredi, mahali pengine kabisa kwenye faili, ndipo kuna alama za mitihani ya AP. Hizo mwombaji anaziandika mwenyewe kwenye fomu. Ripoti rasmi kutoka College Board vyuo vingi huitaka tu mtoto akishakubaliwa na kuamua kwenda. Maana yake ni kwamba kwa kawaida una hiari: ya kupendeza unaiandika, isiyopendeza unaiacha. Tulikaa mezani na binti tukafanya hivyo. Nne zote mbili ziliandikwa kila mahali. Ile tatu tuliiandika kwenye vyuo vya umma vya jimbo tu. Kwenye vyuo vinavyochukua mwombaji mmoja kati ya ishirini, mafaili yamejaa tano. Tatu haiharibu sana, ila haiongezi kitu.

Lakini kuna mahali alama hizo zina nguvu hata langoni, na ni mahali ambapo watoto wetu wengi wapo. Shule zinazopokea wahamiaji mara nyingi si shule zenye jina. Afisa udahili akiona A ya Kemia kutoka shule asiyowahi kupokea mwanafunzi wake, hajui ile A imepimwa kwa mizani gani. Siku hizi A zimekuwa nyingi kila mahali. Tano ya AP ni shahidi wa nje: mtihani uleule, siku ileile, na mtoto wa shule ya ada ya maelfu ya dola. Kwa mtoto wa shule yenye jina, tano inathibitisha kilichokwishajulikana. Kwa mtoto wa shule isiyojulikana inaeleza jambo jipya. Ndiyo maana nawaambia wazazi wa kwetu wasikubali mtoto achukue somo la AP darasa la 11 halafu aache mtihani kwa kuogopa. Mtihani wa darasa la 12, huo sawa, upimwe kwa faida ya krediti, yaani vile vipimo vya masomo ambavyo chuo huvihesabu kuelekea shahada. Wa darasa la 11 ufanywe.

Uzito huo umeongezeka kidogo tangu vyuo vingi vilipoacha kulazimisha SAT wakati wa korona. Ile mitihani ya SAT ya somo mojamoja ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo chuo kinachotaka kujua kama mtoto anaijua fizikia kweli kimebaki na AP tu, au IB, ule mtaala wa kimataifa wa sekondari, kwa wachache. Februari 2024 Yale walitangaza kurudisha masharti ya mitihani lakini wakaruhusu mwombaji alete AP au IB badala ya SAT. Ila anayepitia njia hiyo anatakiwa kuleta alama zote za AP alizonazo, nzuri na mbaya. Ile hiari ya kuchagua inakuwa imekwisha. Upande mwingine kuna vyuo vikuu vya umma vya California, ambavyo SAT havitaki hata kuiona: huko somo la AP likiwa na gredi ya C au zaidi linaongeza GPA, na alama ya mtihani kuanzia 3 inazaa krediti baada ya kuingia.

Na hata tano yenyewe usiiabudu. Mwaka 2023 waliopata 3 na kuendelea kwenye Historia ya Marekani hawakufika nusu. Mwaka 2024 walizidi asilimia 70. Watoto hawakuamka siku moja wakiwa na akili mpya. College Board walibadili namna ya kupanga madaraja. Maafisa udahili wanajua hilo, wazazi wengi hawajui, na ndugu anayempigia mwenzake simu kujisifu kwamba wa kwake kapata nne huku wa mwenzake wa mwaka juzi alipata tatu anapaswa kutulia kidogo.

Binti alikubaliwa na vyuo vya umma alivyoomba, akakataliwa na kimoja cha mbali alichokipenda, akachagua chuo kikuu cha umma humuhumu Ohio. Kwenye dirisha la ada ndiko ile tatu ilipofufuka. Katika jimbo hili vyuo vya umma vinatakiwa kutoa krediti kwa alama ya 3 na kuendelea. Tatu tuliyoificha kwa wakubwa ikageuka kuwa krediti halisi za uandishi wa Kiingereza. Pamoja na nne za Baiolojia na Historia, na mitihani aliyoongeza darasa la 12, aliingia chuoni akiwa na krediti zinazokaribia muhula mzima.

Hapo mzazi anaanza kupiga hesabu za furaha. Shahada ni krediti kama 120, anazo tayari kadhaa, basi ada itapungua kwa kiasi hichohicho. Haiendi hivyo, na hapa ndipo ningependa mtu asome polepole. Kwenye chuo alichosoma binti yangu, mwanafunzi anayesoma kati ya krediti 12 na 18 kwa muhula analipa ada ileile. Ukiingia na krediti ishirini za AP halafu ukasoma miaka minne kamili kwa mwendo wa kawaida, hujaokoa senti. Umesoma kwa nafasi zaidi, umechagua masomo unayoyapenda, labda umeongeza shahada ndogo pembeni, lakini ankara ni ileile. Fedha inaonekana siku unapomaliza muhula mmoja au miwili kabla ya wenzako. Binti alimaliza muhula mmoja mapema. Ukijumlisha ada, chumba na chakula cha miezi ile, ada za mitihani yote ya AP zinakuwa kitu cha kucheka.

Kuna faida nyingine ndogo ambayo hakuna aliyenidokeza. Chuoni kwake wenye krediti nyingi ndio wanaofunguliwa mapema usajili wa masomo ya muhula unaofuata. Mwaka wa kwanza binti alikuwa akipata vipindi vya saa nne asubuhi wakati wenzake wamebaki na vya saa mbili na vya jioni. Kwa mtoto anayefanya kazi ya muda ili ajikimu, hilo ni jambo kubwa.

Na kuna mtego. Binti alikuwa na ndoto ya udaktari. Krediti za Baiolojia za AP zilimruhusu kuruka somo la utangulizi, lakini shule za udaktari, ambazo huku huombwa baada ya shahada ya kwanza, zina kanuni zao: baadhi hazitambui AP kwa masomo ya msingi, nyingine zinakubali kama umesoma baiolojia ya juu zaidi chuoni. Aliposikia hivyo aliamua asiruke. Alirudia somo, akapata A bila kuhangaika, akatumia krediti zile kujaza nafasi za masomo ya hiari. Baadaye udaktari aliuacha akaenda afya ya jamii, lakini uamuzi ule sioni kama ulikuwa wa hasara.

Nilipokuwa namsaidia kijana wa pili nilitengeneza jedwali la vyuo na wanavyotoa krediti, na hapo ndipo niliona lile nililolitaja mwanzoni. Dartmouth waliacha kutoa krediti za AP kuelekea shahada kwa wanaoingia kuanzia mwaka 2014. Caltech hawatoi. MIT wanatambua tano, tena kwa masomo machache. Humo ndimo waombaji wanaingia na orodha za tano nyingi, na wakishaingia zile tano haziwapunguzii safari. Pengine zinawapangia darasa la kuanzia, basi. Vyuo vya umma vya majimbo, ambavyo langoni havibabaiki sana na alama hizo, ndivyo vinavyozilipa vizuri. Kwa hiyo mzazi akiniuliza "mtoto achukue AP ngapi?" namuuliza kwanza anakwenda wapi. Anayelenga chuo cha umma cha jimbo, nne au tano alizozifanya vizuri na kuvuna krediti zinamtosha sana. Kumrundikia nane ili apate 2 na GPA ishuke ni kumtesa mtoto wa watu.

Mpwa wangu alikuja na hadithi nyingine kabisa. Alifika kutoka Tanzania akiwa amemaliza kidato cha pili, mtoto wa hesabu haswa. Kaunsela wa shule, mama mwema tu aliyezidiwa na idadi ya watoto, aliona transkripti imeandikwa Basic Mathematics akampeleka moja kwa moja kwenye hesabu za chini kabisa, pamoja na darasa la Kiingereza kwa wageni. Hapa hesabu za sekondari zimepangwa kwa ngazi: Aljebra ya kwanza, Jiometri, Aljebra ya pili, matayarisho ya kalkulasi, kalkulasi. Kila ngazi mwaka mmoja. Ukimweka mtoto wa darasa la 10 kwenye ngazi ya kwanza, kalkulasi ataisikia redioni. Kwetu aljebra, jiometri, logi na trigonometria vinafundishwa kwa kuchanganywa kwenye somo hilohilo moja, na kijana alikuwa ameshavila vingi.

Nilikwenda shuleni na madaftari yake. Sikugomba. Nilimwambia kaunsela, "Mama, naomba apewe mtihani wa kupimwa kiwango." Akapewa. Akapelekwa Aljebra ya pili, na kiangazi akasoma ngazi nyingine kwa mtandao. Darasa la 12 alikuwa kwenye AP ya Kalkulasi, akapata 5. Alama ilitoka Julai, chuo kilishamchukua Machi. Waliomchukua walikuwa wameona tu kwamba kijana aliyefika juzi na Kiingereza cha kukwaruza amepanda ngazi zote akafika juu. Namna ninavyoielewa mimi, hilo la kupanda ndilo lililombeba.

Kwa hiyo nikikutana na mzazi mwenye mtoto wa darasa la 7 au la 8, simwambii habari za AP. Namuuliza mtoto yuko hesabu gani. Mlango wa kalkulasi unafungwa huko, mtoto bado anacheza na magari, na hakuna anayekupigia simu kukuambia kwamba unafungwa.

Jirani zangu wametoka Bukavu kupitia kambi ya wakimbizi Uganda. Mama wa nyumba alinisimamisha siku moja kwenye maegesho akaniambia, "Ndugu, mtoto yangu anasema atafanya ile AP, lakini Kingereza yake haiyakomaa. Si atapata haya?" Nikamuuliza binti amesoma kwa lugha gani. Kifaransa, tangu chekechea. Basi iko AP ya Lugha na Utamaduni wa Kifaransa! Shuleni kwao hilo somo halikuwepo, lakini mtihani unaweza kuufanya bila kukaa darasani, mradi shule ikuagizie au ikutafutie shule jirani inayoufanya. Walimzungusha, akapata mahali. Alipata 5. Kwa mtoto aliyekuwa ametiwa kwenye fungu la "wasiojua lugha", namba ile ilibadili namna walimu walivyomtazama, na chuoni ilimpa krediti za lugha alizokuwa anahitaji kwa shahada yake. AP ya Kiswahili haipo. Wapo Wachina, Wajapani, Waitaliano, Wajerumani, Wahispania, hata Kilatini cha wafu kipo, sisi hatupo.

Sasa gharama. Mwaka 2025 mtihani mmoja hapa Marekani ulikuwa dola 99. Familia za kipato kidogo zinapunguziwa dola 37 kwa kila mtihani, na majimbo na shule kadhaa hufidia zaidi ya hapo. Lakini lazima kaunsela aweke alama kwenye mfumo kwamba mtoto anastahili, na hataiweka kama hujaleta karatasi. Kujiandikisha ni Novemba, miezi sita kabla ya mtihani. Ukichelewa, dola 40 juu. Ukiagiza usitokee, dola 40 pia. Matokeo unaruhusiwa kuyatuma bure kwenye chuo kimoja kama umekitaja kabla ya Juni 20. Baada ya hapo kila chuo ni dola 15. Ni fedha ndogondogo, ila kwa nyumba yenye watoto wanne zinakuwa kodi ya pango.

Hapa Ohio kuna njia ya pili, College Credit Plus, iliyoanza mwaka 2015: mwanafunzi wa sekondari anasoma kozi za chuo chenyewe, na kwa anayesoma shule ya umma na kwenda chuo cha umma, ada na vitabu ni bure. Wazazi wengi wa kwetu wanaikimbilia kwa neno hilo bure, na siwalaumu. Kijana wangu wa pili aliichukua kwa masomo ya jamii, na AP akaibakiza kwa Fizikia na Kalkulasi. Tofauti iliyo muhimu ni hii. Mtihani wa AP ukienda vibaya, unapata 2, huiandiki popote, maisha yanaendelea. Kozi ya chuo ikienda vibaya, ile C au D inakaa kwenye transkripti ya chuo maisha yote, na siku unaomba shule ya udaktari au ya sheria utaitoa. Nimeona mtoto wa miaka kumi na tano akisajiliwa kozi tatu za chuo kwa mpigo kwa sababu ni bure. Huyo mzazi tulikuwa tunaongea kwa upole kabla ya siku ile.

Ndugu walioko nyumbani nao huuliza kama kijana aliyemaliza kidato cha sita Tanzania, au mwenye KCSE ya Kenya, atafute kituo afanye AP kabla ya kuomba vyuo vya Marekani. Jibu langu huwa hapana. Atapimwa kwa mtihani wa nchi yake, kwa kanuni ileile ya kutazama alichowekewa mezani, na vyuo kadhaa hutoa krediti kwa masomo ya kiwango cha A-Level. Hiyo fedha aiweke kwenye nauli ya kwenda ubalozini. Wanaosoma shule zenye mtaala wa Kimarekani, kama Rosslyn ya Nairobi, hao wana AP shuleni kwao tayari na habari yao ni nyingine.

Sasa hivi ugomvi wa nyumbani ni wa mtoto wa mwisho. Yuko darasa la 10 na wiki hii wanachagua masomo ya mwakani. Mama yake anataka AP ya Kemia, kwa hoja kwamba ndiyo inayoheshimika. Yeye anataka Masomo ya Wamarekani Weusi, somo jipya lililoanza rasmi mwaka wa masomo wa 2024 baada ya miaka miwili ya majaribio, lile ambalo Florida walilikataa Januari 2023 hata kabla halijakomaa. Ameshaupitia muhtasari wake kwenye simu, akaniletea mkono umenyooka: mada za mwanzo zina pwani ya Waswahili, biashara ya Bahari ya Hindi, Wareno na uvamizi wao. "Baba, hapa najua nusu tayari." Nikamwambia nusu aliyoijua kwa masimulizi ya babu haitahesabiwa na msahihishaji.

Mama yake ameniuliza somo hilo lina uzito gani langoni. Nimemjibu kwamba afisa udahili ataona AP, ataona gredi, na akiona mtoto amelipenda ataona hata kwenye insha. Krediti, kwa vyuo vya umma vya hapa, tatu ni tatu. Kemia atakutana nayo darasa la 12 kama bado anaitaka, na alama yake itatoka Julai kwa wakati wake. Hajaridhika, anasema nimempendelea. Fomu nimeshaisaini.